Jinsi ya kuchagua kioo cha TV: LED, QLED, Mini-LED au OLED

Maboksi dukani yana majina mengi: LED, QLED, ULED, NanoCell, Mini-LED, OLED. Ukiyafungua yote utakuta vioo vya aina mbili tu. Cha kwanza ni LCD. Hiki chenyewe hakitoi mwanga. Kina taa nyuma, na mbele ya taa kuna fuwele kioevu zinazofanya kazi kama vipazia vidogo, zikiruhusu mwanga upite au zikiuzuia. Cha pili ni OLED, ambacho kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, inajiwasha na kujizima yenyewe. Iliwahi kuwepo aina ya tatu, plasma, lakini Panasonic waliacha kuitengeneza mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Ukiuziwa plasma ya mtumba leo, umenunua mashine inayokula umeme mwingi na yenye spea za kusaka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina, uliza mwanga unatoka wapi na unazimwaje. Karibu kila TV inaweza kuwaka vya kutosha. Zinapoachana ni kwenye kuonyesha nyeusi ambayo ni nyeusi kweli, wala si kijivu.

Neno LED kwenye boksi linataja taa za nyuma tu. LCD za mwanzo zilitumia mirija ya floresenti. Taa zilipobadilika, jina la biashara nalo likabadilika. QLED pia ni LCD. Samsung walianza kutumia jina hilo 2017, na kilichoongezwa ni utando wenye chembe za kwanta zinazogeuza mwanga wa bluu kuwa nyekundu na kijani safi. Rangi zinakolea kweli, lakini weusi unabaki uleule wa LCD. Usilipe bei ya OLED kwa sababu herufi zinafanana.

Taa zimepangwaje

Hapa ndipo thamani ya LCD inapopatikana, na ndipo wauzaji wengi hawasemi kitu.

TV nyembamba sana, ile inayokaa ukutani kama picha, kwa kawaida ina taa ukingoni tu, mara nyingi ukingo wa chini, na bamba la plastiki linasambaza mwanga hadi juu. Inapendeza, ila kwenye filamu yenye giza utaona pembe zinavujisha mwanga, na joto lote limebanwa mahali pamoja.

TV nene kidogo huwa na tepe za LED zilizolazwa nyuma ya kioo kizima, kila taa na lenzi yake. Inchi 32 za bei nafuu mara nyingi zina tepe mbili au tatu tu. Kwa mwenye bajeti ya kawaida hii ndiyo afadhali: mwanga umetawanyika vizuri zaidi, na fundi wa mtaani anaweza kuifungua na kubadilisha tepe kwa spea inayopatikana.

Inafaa kujua tepe hizo zinavyokufa, maana ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote. Taa zimeungwa kwa mfululizo. Moja ikikatika, njia yote ya umeme imekatika, na saketi inayoziendesha hujizima. Sauti unaisikia, picha huioni. Zima taa ya chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa ukaribu na kwa upande. Ukiona picha kwa mbali ikicheza gizani, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa au saketi yake. Fundi akisema atabadilisha ile taa moja tu, mwambie abadilishe tepe zote, kwa sababu zilizobaki zina umri uleule na zitafuata. Chanzo chake karibu kila mara ni joto: TV imetoka kiwandani taa zikiwa 100 kwa 100, na haijaguswa tangu siku hiyo. Ukiinunua, ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha mwanga wa taa za nyuma hadi 50 au 60. Usiku macho yako yatakushukuru, na tepe zitadumu.

Hatua ya juu zaidi ni taa za nyuma zilizogawanywa maeneo, kila eneo likififia au kuzimika peke yake kulingana na picha. Mini-LED ni hiyohiyo, ila taa ni ndogo mno na ni maelfu. TCL waliingiza ya kwanza sokoni 2019. Jina pekee halitoshi. Uliza ina maeneo mangapi. Mini-LED yenye maeneo mia moja na kitu na ile yenye maeneo elfu moja hazilingani hata kidogo. Maeneo yakiwa machache, maandishi meupe ya tafsiri chini ya picha nyeusi yatazungukwa na ukungu wa mwanga. Muuzaji asipojua idadi, itafute kwa namba ya modeli kabla ya kulipa.

VA au IPS

LCD mbili zenye bei moja zinaweza kuwa na vioo vya tabia tofauti, VA au IPS, kulingana na fuwele zilivyopangwa. VA huzuia mwanga vizuri: kontrasti yake, yaani tofauti ya mwanga kati ya nyeupe na nyeusi, ni karibu 3000 kwa 1 au zaidi, wakati IPS huwa karibu 1000 kwa 1. Filamu usiku, taa zimezimwa, VA inashinda waziwazi. Lakini ukikaa pembeni, picha ya VA hupauka, na mchezaji anayekimbia mbele ya jukwaa lenye kivuli anaweza kuacha mkia mweusi nyuma yake. IPS inavumilia watu waliokaa kila upande. Sebule yenye makochi pande tatu na mpira kila wikendi inataka IPS. Chumba cha watu wawili wanaokaa mbele ya TV kinataka VA. Boksi halitakuambia ni ipi, ila jicho lako litakuambia: simama pembeni hadi uione kwa pembe ya digrii 45 hivi. Rangi za nyuso zikipauka na nyeusi ikigeuka kijivu, hiyo ni VA.

OLED, na swichi ya ukutani

LG walitoa TV ya OLED ya inchi 55 mwaka 2013, na tangu hapo hakuna LCD iliyoifikia kwa weusi. Pikseli ikizimwa, imezimwa. Hakuna ukungu kuzunguka mwezi, picha haipauki ukiwa pembeni, mpira unaruka bila mkia. Mwaka 2022 zikaja QD-OLED za Samsung na Sony zenye rangi kali zaidi. Hizo ziepuke kwa sebule iliyojaa mwanga wa mchana, kwa sababu weusi wake huelekea kijivu mwanga wa chumba unapoupiga.

OLED ina udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza: kioo kizima kikiwa cheupe, mwanga wake hushuka. Kwa sebule ya madirisha makubwa na mapazia mepesi, Mini-LED nzuri itakufaa zaidi. Wa pili ni alama kuganda. Nembo ya chaneli iliyokaa kona ileile, au utepe wa habari unaopita chini kutwa nzima, huchosha pikseli zile kuliko jirani zake, na baada ya muda unaiona nembo hata ukiwa chaneli nyingine.

Watengenezaji wameweka kinga: baada ya takribani saa 4 za kutazama kwa jumla, TV ikizimwa kwa rimoti hujisawazisha pikseli zake kimyakimya kwa dakika kadhaa. Kinga hiyo inahitaji umeme. Kwetu watu wengi wamezoea kuzima TV kwa swichi ya ukutani kila usiku, na hilo ni jambo jema kwa vifaa vingi, lakini kwa OLED linaikosesha usafishaji huo siku baada ya siku. Ukinunua OLED, izime kwa rimoti, iache angalau saa moja, ndipo uzime ukutani kama ni lazima. Na kama TV yenu hukaa kwenye chaneli ya habari tangu asubuhi, au ni ya mgahawa au saluni, usinunue OLED kabisa.

Ukubwa na 4K

Pima kutoka kochi hadi ukutani kabla ya kwenda dukani. Chukua ulalo wa kioo kwa sentimita (inchi mara 2.54), zidisha kwa 1.6: hapo ndipo picha inapojaza macho vizuri. Inchi 43 inatoka kama mita 1.75, inchi 55 kama mita 2.25, inchi 65 kama mita 2.65.

Kuhusu 4K, yenye pikseli mara nne ya zile za Full HD (1080p), jicho zuri la kawaida linaacha kuona pikseli za Full HD kwenye inchi 43 ukizidi mita 1.7 hivi, na kwenye inchi 55 ukizidi mita 2.2. Ukikaa mita 3 kutoka TV ya inchi 43, 4K haitakuongezea chochote unachoweza kukiona. Afadhali pesa hiyo iende kwenye kioo bora. Kuanzia inchi 55 swali hili halina maana, kwa sababu karibu zote zinakuja 4K. Ya 8K iache.

Kumbuka pia chanzo. Ving'amuzi vingi hutoa picha ya 720p au 1080i, yenye pikseli chache kuliko 4K, na TV ya 4K inalazimika kuipanua. Upanuzi mbaya hufanya nyasi za uwanja zionekane kama zimepakwa rangi. Filamu za 4K mtandaoni zinahitaji intaneti ya Mbps 15 hivi na zinaweza kumeza hadi GB 7 kwa saa moja.

Maneno ya boksi yasikubabaishe

"Inakubali HDR" maana yake TV inaweza kupokea mawimbi ya HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza), si kwamba inaweza kuyaonyesha. Bila mwanga wa kilele wa niti (kipimo cha mwangaza) 600 hivi na taa za maeneo, au OLED, HDR haitakupa kitu. "Motion 120" au "200" mara nyingi ni hesabu ya matangazo juu ya kioo cha hezi 60, yaani kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Tafuta hezi halisi za paneli. Hezi 120 zina faida kwa michezo ya PlayStation 5 au Xbox Series X, na hapo hakikisha kuna tundu la HDMI la toleo la 2.1.

"Dabo glasi" ni kioo kigumu cha ziada mbele ya kile cha picha. Kwenye nyumba yenye watoto wanaorusha mpira kina maana, kwa sababu kioo cha picha kikipasuka gharama yake hukaribia bei ya TV mpya. Lakini kinaakisi dirisha na taa, na hakiongezi ubora wa picha.

Dukani

Beba flashi yenye picha tano za rangi moja moja, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na kijivu, pamoja na kipande cha mechi. Kwanza mwambie muuzaji aitoe kwenye modi ya duka. Hiyo hupandisha mwanga na rangi kupita kiasi ili TV ishinde jirani yake. Weka modi ya filamu. Nyeusi itakuonyesha pembe zinazovuja mwanga. Rangi nyingine zitaonyesha pikseli zilizokufa. Kijivu ndiyo muhimu kuliko zote na ndiyo watu huisahau: inaonyesha madoa na michirizi ambayo baadaye utaiona kila kamera inapofuata mpira juu ya nyasi. Fanya yote haya kwenye TV utakayoichukua, si ile ya maonyesho.

Geuza nyuma usome kibandiko. Kinatakiwa kisome volti 100–240. TV zilizotumwa kutoka Marekani nyingine ni za volti 120 tu, za Japani volti 100, na king'amuzi chao cha ndani hakipokei DVB-T2, mfumo wa matangazo ya kidijitali unaotumika Tanzania na Kenya. Kibandiko hichohicho kinataja wati. TV ya wati 100 ikiwaka saa 6 kwa siku inakula uniti 18 kwa mwezi. Omba risiti halali na warantii iliyoandikwa namba ya TV yenyewe. Kioo kilichopasuka kwa kawaida hakimo kwenye warantii, hivyo isafirishe ikiwa imesimama, kamwe isilazwe.

Ikishafika nyumbani

Iunge kwenye gadi ya TV inayokata umeme ukizidi au ukipungua, na inayosubiri kidogo umeme unaporudi, kwa sababu mshtuko mkubwa huja dakika hiyo. Acha sentimita 10 nyuma na juu ili joto litoke.

Kioo usikipulizie maji wala sabuni. Tone hutelezea chini hadi ndani ya fremu, na kwenye ukingo huo ndipo zilipo tepe nyembamba zinazopeleka picha kwenye paneli. Zikilowa, unapata mistari ya wima ambayo ni mafundi wachache wenye mashine ya kubandika tepe hizo wanaoweza kuitoa. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Doa likigoma, lowanisha kitambaa kidogo, TV ikiwa imezimwa na imepoa.