Jinsi ya kuchora kwa maelekezo tu, kama Sol LeWitt

Kuna watu wakisikia sanaa ya wazo, yaani ile ambayo wazo lina uzito kuliko kitu chenyewe, wanajua hapo uzuri umefukuzwa, eti kikubwa ni kufikiria tu. Mi nakataa kabisa, na ukitaka kuona kwa macho yako we jaribu hii.

LeWitt, msanii Mmarekani, aliandika 1967 kwamba wazo ndo linageuka mashine ya kutengeneza sanaa, na mwaka uliofuata akaanza kuchora ukutani, baadaye akawa anaandika maelekezo af wengine ndo wanachora. Pale MASS MoCA, jumba la sanaa huko Massachusetts, Marekani, kuna michoro yake 105 ya ukutani, ilifunguliwa 2008 yeye keshafariki mwaka mmoja nyuma, wasanii na wanafunzi ndo waliichora wakifuata alichoacha.

Sasa tafuta manila, rula na penseli. Kabla hujagusa manila andika sentensi zako pembeni, mfano: "Weka nukta 12 popote. Kila nukta iungane na zingine zote kwa mstari ulionyooka." Hapo itatoka mistari 66, hesabu mwenyewe.

Hizi sentensi ndo kazi yenyewe kwahiyo usizikimbilie. Hilo neno "popote" peke yake linabadilisha kila kitu, maana ukisema "kwenye duara" unapata kitu kama ua, ukisema popote unapata utando ambao hata we hukuutegemea. Na usiandike "ipendeze", ukiandika hivyo mchoraji anaacha kufuata anaanza kubahatisha unachopenda.

Halafu mpe mtu mwingine achore, mdogo wako au jirani, na usimsimamie. Ukiweza wape wawili, kila mtu na manila yake, maelekezo yaleyale, uone zinavyotofautiana.

Ikifika mstari wa 30 hivi itaonekana vurugu tupu, mtu atataka kuruka mistari au kufuta, mwambie aendelee tu, jamani aendelee! Kuelekea mwisho mistari ikishapishana vya kutosha unaanza kuona maumbo ambayo hakuna aliyeyachora, na mimi hapo ndo huwa nasisimka kila mara.

Isipopendeza, usirekebishe mchoro, rekebisha sentensi, chukua manila nyingine.

Nyuma ya manila andika jina la aliyechora, maelekezo yatunze vizuri. Kuta za LeWitt zinapakwa rangi juu af mchoro unachorwa upya kwingine, kwahiyo hata manila yako ikichanika kazi bado unayo.