SOMO: Tuta la futi mraba kwa ardhi yetu ya Mtwara

Swali la jinsi ya kutengeneza tuta la futi mraba, yaani tuta dogo la mboga lililogawanywa miraba ya futi moja moja (kama sentimita 30), linarudi kila kukicha, kwa hiyo naandika jibu mara moja. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

1. Pima sentimita 120 kwa 120. Usizidishe upana, mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo.

2. Zungushia tofali. Mbao italiwa na mchwa.

3. Udongo. Hapa ndipo wengi wanaharibu, na hata mimi niliunguza nyanya hapa. Mchanga wetu haushiki maji wala mbolea, lazima uchanganye. Kina cha sentimita 20 kinataka kama ndoo 14 za lita 20: saba udongo mweusi wa bondeni, tano samadi iliyooza, mbili makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yakalowekwa na maji yake kumwagwa. Samadi mbichi ya kuku ni hatari. Ncha za majani zinakuwa kahawia kama zimepitiwa na moto, mche unalala, na hata ukimwagilia hauinuki. Ingiza mkono ndani ya lundo: ukikuta joto au harufu inayochoma pua, acha kwanza. Mchanga wa ufukweni msilete kabisa, una chumvi.

4. Gawa kwa kamba kila sentimita 30. Unapata miraba 16.

5. Kila mraba: nyanya, bilinganya, hoho au bamia mche 1, saladi 4, maharage 9, karoti 16. Matembele yapande kwingine, yanatambaa.

6. Mimea mirefu ikae kusini. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinasema kaskazini, lakini sisi tuko chini ya ikweta. Juni hadi Agosti jua linapita kaskazini kwetu, hivyo bamia ikikaa huko karoti zinabaki kivulini. Ikiwa kusini inakinga pia upepo wa kusi.

7. Tandaza nyasi kavu, mwagilia asubuhi na jioni.

MASWALI

Mdau wa Chikongola: Naomba vipimo mkuu.
— Hatua ya 1.

Kijana wa Ligula: Samadi ya kuku nimeitoa bandani jana, nipande leo?
— Hapana. Hatua ya 3 nimeiandika ndefu kwa ajili hiyo hiyo.

Mama Zuhura, Lindi: Samahani mwalimu, maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Nitaweza?
— Utaweza mama, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Anza na spinachi na bitiruti, zinavumilia. Maharage na karoti zisubiri mvua za Desemba. Mwagilia chini, majani yasilowe, na ukimwagilia mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Tuta lisituamishe maji.

Mama Zuhura: Ahsante sana. Na maganda ya korosho yanafaa kutandazia? Tunayo tele.
— Yaache, mama. Yana mafuta yanayobabua ngozi, na kwenye tuta mikono inaingia kila siku. Majani makavu ya mkorosho ndiyo mazuri. Yavunjevunje kwanza, yakiwa mazima maji yanateleza juu.