Kijiti na kitanzi: kuamua bila kusukumwa, na kutolewa ukitaka

Kabla hujakubali kuwekewa njia ya uzazi wa mpango, iwe kijiti (chini ya ngozi ya mkono) au kitanzi (ndani ya kizazi), muulize mtoa huduma: "Nikitaka kutolewa, ni nani hapa atanitoa, siku gani, na nitalipa nini?" Kidonge unaacha mwenyewe. Hivi viwili vinahitaji mkono wa mtaalamu, na kituo kinachojua kuweka tu kimekupa nusu ya huduma. Jibu likizungukazunguka, tafuta kituo kingine kabla hujawekewa.

Njia zenyewe ni imara sana: kati ya wanawake 100 wanaotumia, chini ya 1 hupata mimba kwa mwaka. Uimara huo ndio unaowafanya baadhi ya watoa huduma wazisukume kwa nia njema: unatajiwa njia moja tu, au madhara yanapitiwa harakaharaka. Mambo huenda mbali zaidi ya hapo. Huko Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, kuanzia miaka ya 1960, madaktari wa Denmark waliwawekea vitanzi maelfu ya wanawake na wasichana, wengi bila ridhaa yao. Serikali ya Denmark iliomba radhi mwaka 2025.

Shinikizo hupenda saa ambazo mtu hana nguvu ya kubishana: katikati ya uchungu, kwenye kitanda cha upasuaji, mara tu baada ya mimba kuharibika. "Ndiyo" iliyotolewa katikati ya uchungu si ridhaa. Dawa yake ni kuamua mapema, kwenye kliniki ya wajawazito. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Zikipita, subiri hadi wiki 4 zitimie. Ukikitaka, kiandikishwe kwenye kadi. Usipokitaka, liandikishwe hilo pia, kwa maneno ya wazi: "Hataki njia yoyote kwa sasa."

Kwenye ushauri, taja dawa zote unazotumia. Efavirenzi ya VVU, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya kijiti. Kitanzi cha shaba haziathiri. Uliza hedhi itakuwaje. Kijiti huileta ovyo: matone ya kila mara, au isionekane kabisa. Kitanzi cha shaba huongeza damu na maumivu, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, na mwenye upungufu wa damu alipime hilo kwa makini. Uliza pia kuhusu maumivu ya kuwekewa kitanzi. Wapo wanaoyahisi kidogo, wapo wanaoumia sana, na kuomba ganzi kwenye mlango wa kizazi ni haki yako. Ukisema "acha" katikati ya kazi, mtoa huduma anapaswa kuacha. Hakuna njia kati ya hizi inayokinga VVU. Kondomu bado ina kazi yake.

Sasa kutolewa, ambako wengi hukwama. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtoa huduma akubali ombi la kutoa, sababu iwe yoyote, muda wowote. Miaka iliyoandikwa (3 au 5 kwa vijiti vingi, 10 au zaidi kwa kitanzi cha shaba) ni ukomo wa kufanya kazi, si mkataba. Sema hivi: "Nimekuja kutolewa leo. Nimeshaamua." Ukiambiwa usubiri mwili uzoee, au upewe ibuprofeni ya kupunguza damu, huo ni ushauri halali na unaweza kuupokea. Unakuwa shinikizo pale unapofanywa sharti. Jibu: "Nimekuelewa, na bado nataka kitolewe." Akikataa, mwombe aandike sababu kwenye faili lako na kukupa rufaa, wengi hulegea wanapotakiwa kuandika. Akidai mume aje kwanza, omba kumwona msimamizi.

Kijiti hutolewa kwa ganzi na mkato wa milimita chache. Kabla ya kukatwa lazima kipapasike chini ya ngozi. Kama hakipapasiki, kataa mkato wa kubahatisha, kitafutwe kwanza kwa altrasaundi. Usijikate mwenyewe hata ukinyimwa huduma, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu ya mkono iko karibu. Kitanzi huvutwa taratibu kwa nyuzi zake, dakika chache tu. Nyuzi zisipoonekana, altrasaundi tena.

Mimba inaweza kuingia upesi baada ya kutolewa. Kama huitaki, anza njia nyingine siku hiyohiyo. Na kwa kitanzi, tumia kondomu au usijamiiane kwa siku 7 kabla ya kutolewa, kwa kuwa mbegu za kiume huishi mwilini hadi siku 5.

Sindano ya miezi 3 ni habari nyingine: ikishaingia haitoki, na uwezo wa kushika mimba huchukua wastani wa miezi 10 kurudi tangu sindano ya mwisho. Anayepanga mtoto mwaka huu aambiwe hilo kabla sindano haijavutwa dawa.