Injini ya boti ya matanga inatetemeka? Jua kwanza inatetemeka wakati gani

Boti ikianza kutetemeka watu wengi wanakimbilia alaimenti, yaani kupanga injini na shafti zikae mstari mmoja, fundi anaitwa, nati za mauntingi, vile vikalio vya mpira vinavyobeba injini, zinafunguliwa, hela inatoka na mtetemo uko palepale. Tafadhali usianzie huko. Injini ya dizeli imeshikana na giaboksi, giaboksi na shafti, shafti na propela, na vyote vimekalia bodi moja, kwa hiyo kimoja kikiharibika utausikia mtetemo boti nzima na sikio peke yake halitakwambia umetokea wapi.

Funga boti gatini kwa kamba imara mbele na nyuma, washa injini iache ipate moto, halafu isikilize ikiwa nyutro, anza na sailensi, yaani resi ya chini kabisa, panda resi taratibu mpaka kama mizunguko 2000 kwa dakika, shuka tena. Ikirudi sailensi ndio uingize gia ya mbele, panda kidogo kidogo, kisha jaribu na ya nyuma. Andika kwenye karatasi mtetemo unaanzia resi ngapi, unazidi wapi, unapotea wapi. Hiyo karatasi ina thamani kuliko spana zote ulizonazo.

Ikitetemeka hata nyutro, propela haina kesi, tatizo liko kwenye injini yenyewe au pale ilipokalia. Nyutro ikiwa imetulia ila ukiingiza gia ndio balaa, geuza macho nyuma. Na kama inatetemeka kwenye resi fulani tu, chini ya hapo freshi na juu ya hapo freshi, mara nyingi kuna kitu kimelegea kinachoitikia kasi hiyo, kagua breketi ya alteneta, puli, na vishikio vya bomba la ekzosti. Jiulize pia imeanza ghafla au pole pole, maana ya ghafla huwa ni kitu kimejisokota kwenye propela, panga limepinda au mauntingi imekatika, ya pole pole ni kuchakaa.

Tuanze na injini. Zile ndogo za silinda moja au mbili zinacheza sana kwenye sailensi, ndivyo zilivyo, ila kama sailensi imeshuka chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini yako zitacheza zaidi, pandisha kwanza uone. Kama inamisi, yaani mlio hauko sawa na ekzosti inatoa moshi mweupe au mweusi, angalia dizeli kabla ya kitu kingine: filta chafu, maji, au upepo umeingia kwenye laini. Badilisha filta, toa upepo, jaribu tena. Ikiendelea, kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida unaweza kulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa sailensi. Ukilegeza na mlio ukabadilika, resi ikashuka, silinda hiyo inafanya kazi, kaza nenda inayofuata. Ukilegeza na injini haijali kabisa, umeshampata mgonjwa. Vaa miwani na glavu, funika na kitambaa, wala usisogeze mkono kwenye dizeli inayoruka kwa presha kwa sababu inapenya ngozi na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo. Injini mpya za komon reli, zile ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha, usiziguse kabisa kwa njia hii, presha yake ni kubwa mno, hizo zinapimwa kwa kompyuta.

Mauntingi zichungulie kwa tochi injini ikiwa imezimwa. Mpira uliolowa dizeli au oili unavimba, unakuwa laini, unapasuka. Piga nati kwa spana uone kama zimelegea, halafu ingiza nondo uinue kona ya injini kidogo tu, mpira ukiachana na chuma utaona mwanya. Moja ikiwa imekufa mimi ningebadilisha zote, kwa sababu mpya na za zamani hazishuki sawa na injini itakaa upande.

Sasa upande wa gia, na hapa anza majini. Toa ufunguo kwenye swichi, weka mfukoni, ndipo mtu azame aangalie propela. Kipande cha nyavu, kamba, mfuko wa plastiki au magamba ya baharini upande mmoja wa panga yanatosha kabisa kutikisa boti nzima. Kama propela yako ni ya kukunja, fungua na kufunga kila panga kwa mkono, moja likikwama nusu utapata mtetemo mkali sana na wala hakuna kitu kimevunjika. Angalia na zinki ya shafti, kile kipande kinacholiwa na maji ya chumvi badala ya shafti, ikiwa imeliwa upande au imelegea nayo inasumbua. Ukiwa hukohuko shika propela uisukume juu chini, ikicheza na kugonga waziwazi bushi ya mpira ya shafti imeisha.

Yote hayo yakiwa safi ndio uje kwenye alaimenti, na ipimwe boti ikiwa majini, imeshakaa angalau siku nzima tangu ishushwe na waya za mlingoti zikiwa zimekazwa kama kawaida, kwa sababu bodi inajikunja tofauti ikiwa nchi kavu. Fungua bolti za kaplingi, zile sahani mbili za chuma zinazounganisha giaboksi na shafti, shikilia shafti isining'inie kwa uzito wake, kutanisha nyuso mbili zigusane, pitisha fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia mwanya, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa kaplingi ya kipenyo cha milimita 100, tofauti kati ya mwanya mkubwa na mdogo isizidi kama 0.1 mm. Halafu fanya kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka: zungusha upande wa shafti peke yake robo mzunguko, pima upya, endelea mpaka umalize mzunguko. Mwanya mkubwa ukibaki palepale, tuseme chini kila mara, injini ndio imekaa vibaya na mauntingi zitarekebisha. Mwanya ukizunguka pamoja na shafti, basi shafti imepinda au uso wa kaplingi yake hauko sawa, na hapo hata usogeze injini mwezi mzima hutapata kitu, shafti itoke ipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Wenye seildraivu, yaani gia inayoshuka moja kwa moja chini ya boti mpaka kwenye propela, hawana alaimenti ya shafti ya kupima, wao waangalie propela na mauntingi. Na ukisikia kelele ya chuma kugongana kati ya injini na giaboksi kwenye sailensi, inayopotea ukipanda resi, shuku sahani ya dampa, ile ya kupunguza mshtuko kati ya injini na giaboksi, springi zake zimechoka, hiyo haionekani mpaka giaboksi itolewe.

Ukimaliza kusogeza injini kaza nati zote za mauntingi, kisha pima kaplingi tena kabla ya kurudisha bolti, maana kule kukaza kwenyewe kunaisogeza injini.