SOMO: Vitabu vya kusomea kwenye simu na kishikwambi, duka kwanza kifaa baadaye

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita kwa ujumbe binafsi: "Ninunue Kindle (kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu) au kishikwambi?" Nimechoka kuandika jibu lilelile, kwa hiyo naliweka hapa. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu, asinune.

Swali lenyewe linaanzia mkiani. Kifaa kitapasuka kioo, kitaibiwa, au utakiuza Januari ada zikibana. Vitabu ulivyolipia ndivyo vinavyotakiwa kubaki, na hivyo vinafuata duka na akaunti.

HATUA YA 1: Andika vifaa vyote unavyosomea. Duka lisilofunguka kwenye kimojawapo, lifute. Apple Books, kwa mfano, ni ya vifaa vya Apple tu. Ukihama iPhone, maktaba umeiacha huko.

HATUA YA 2: Zijue faili. EPUB ni maandishi yanayojipanga kufuata kioo: ukikuza herufi, mistari inajikunja yenyewe. PDF ni ukurasa ulioganda. Jaribu kusoma PDF ya A4 kwenye simu ndani ya daladala. Unakuza, unasukuma kushoto, unasukuma kulia, ukifika mwisho wa sentensi umesahau ilianzaje, na konda amekugonga bega anataka nauli.

HATUA YA 3: Chagua duka. Kwa wengi wetu ni haya matatu.

Kindle ya Amazon, hapa nasema duka na programu yake, siyo kifaa, ina ghala kubwa mno, inafunguka kwenye Android, iPhone, kompyuta na hata kwenye brauza, na inakumbuka ukurasa ulipoishia. Ubaya wake, faili zake ni za kwake. Na tangu tarehe 26 Februari 2025 ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta ukakihamisha kwa waya imeondolewa. Halafu, kabla hamjauliza: programu ya Kindle kwenye Android haiuzi kitabu ndani yake tangu 2022. Simu yako haijaharibika. Ingia tovuti ya Amazon kwa brauza, nunua, rudi kwenye programu utakikuta.

Kobo ilianzia Kanada, sasa iko chini ya Rakuten ya Japani. Inasoma EPUB moja kwa moja, na ina vifaa vyake na programu za simu. Google Play Books inamfaa mwenye simu na kompyuta tu. Unaweza kupandisha EPUB na PDF zako mwenyewe zikakufuata kila unapoingia.

Mimi niko Kobo. Mke wangu yuko Kindle na hatujaachana.

HATUA YA 4: Akaunti. Hapa someni polepole, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilifungua akaunti ya duka moja (silitaji, kosa ni langu) kwa barua pepe ya kazini. Nilikuwa kwenye mradi, mkataba wa miaka mitatu, intaneti ya bure, nikaona raha. Mradi ukaisha Juni. Julai wakafunga barua pepe zetu. Agosti simu ikaangukia kwenye ndoo ya maji, nikanunua nyingine, nikaingiza neno la siri, duka likasema: tumekutumia namba ya uthibitisho. Wapi? Kwenye barua pepe iliyokufa. Namba ya simu niliyoandikisha nayo ilikuwa laini ya ofisi. Vitabu arobaini na kitu, vingine nimevipigia mistari na kuandika pembeni, vyote vilikuwa humo. Niliandikiana na huduma kwa wateja wiki nne. Walitaka uthibitisho wa kadi niliyolipia, na kadi yenyewe ilishakwisha muda. Nikanyoosha mikono.

Kwa hiyo: barua pepe yako binafsi, siyo ya kazini wala ya chuo. Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Akaunti MOJA. Ukifungua ya pili kwa sababu umesahau neno la siri la ile ya kwanza, Amazon hawaunganishi akaunti mbili. Utabaki na vitabu nusu huku nusu kule. Na usimwachie fundi wa simu akufungulie kwa barua pepe yake. Msicheke, nimeyaona.

HATUA YA 5: Malipo. Kadi ya Visa ya mtandaoni unayotengeneza ndani ya M-Pesa inanitosha. Iwe na salio lililozidi bei kidogo.

HATUA YA 6: Pima kwa kitabu cha bure kabla ya kutoa hela. Project Gutenberg, iliyoanza 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 vilivyoisha hakimiliki, vingi Kiingereza. Shusha EPUB kimoja, kifungue kwenye kila kifaa chako, zima data, ukifungue tena.

HATUA YA 7: Sasa nunua kifaa ukitaka.

Nawasilisha.

MASWALI

Chuma_cha_Pua: Mkuu uzi mrefu sijamaliza, kwa kifupi Kindle au kishikwambi?

Jibu: Hatua ya 7. Kabla yake kuna sita.

Dogo Mwenge: Naomba link ya vitabu vya bure, hivi vipya vya Kiswahili, PDF.

Jibu: Vipya havina bure. Mwandishi naye analipa kodi ya nyumba.

Dogo Mwenge: Basi mkuu usikasirike.

Jibu: Sijakasirika. Nunua.

Mwalimu wa Zamu: Shikamoo mkuu. Nina kile kishikwambi tulichopewa walimu baada ya sensa ya 2022. Nina PDF za zamani zilizopigwa skani. Nimejaribu kuzigeuza EPUB kwa Calibre, ile programu ya kompyuta ya kugeuza vitabu, zinatoka picha tupu au herufi za ajabu. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mwalimu, hujakosea kitu. PDF ya skani haina herufi ndani, ina picha za herufi, na Calibre haiwezi kugeuza isichokiona. Ziache PDF, ila zifungue kwa KOReader, programu ya kusomea, ni bure na inakaa kwenye Android: inakata kingo nyeupe, na ina namna ya kuyavunja maneno ya picha ikayapanga upya yatoshe kioo. Kwa kishikwambi kikubwa kama chako, kukata kingo peke yake kutatosha. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, chukua EPUB yoyote isiyo na kufuli (ule ulinzi wa duka unaozuia kunakili), badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, uifungue. Utakuta kurasa za kawaida kama za tovuti, zimefungwa furushi moja. Ndiyo maana inageuzika kirahisi.

Mwalimu wa Zamu: Nimefungua hiyo zip. Kumbe! Kesho naionyesha Form Three.

Bibi Karafuu: Kwa hiyo nikinunua kitabu si changu?

Jibu: Swali zuri, bibi. Mara nyingi umenunua ruhusa ya kusoma. Julai 2009 Amazon walivifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki. Kimoja kilikuwa 1984, kile cha serikali inayokufuatilia mpaka chumbani. Wakarudisha hela na kuomba radhi. Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu 2019. Vitabu vikazimika, hela zikarudishwa. Kwa hiyo ukiona kitabu mchapishaji amekiuza bila kufuli, kishushe, weka nakala kwenye flashi. Hicho ndicho chako.

Kijiwe_Nongwa: Unapiga debe la Kobo, wanakulipa shilingi ngapi?

Jibu: Nimeandika mke wangu yuko Kindle. Nimeandika maudhi yangu pia. Soma tena.

Mpemba wa Toronto: Huku nina kadi ya maktaba ya mji, naazima vitabu kwa Libby, programu ya maktaba, kwenye simu. Nataka kifaa kisichoniumiza macho usiku.

Jibu: Basi chukua Kobo, nyingi zina OverDrive, huduma ya hao hao wenye Libby, ndani yake, unaazima kutoka kwenye kifaa chenyewe. Kuazima kwa Libby ukasomea Kindle ni kwa maktaba za Marekani. Kanada haimo.

Mpemba wa Toronto: Ahsante sana, umeniokoa. Nilikuwa nimeshaweka Kindle kikapuni.

Mama Wawili: Nje ya mada kidogo. Watoto wangu wadogo, Kiswahili kinawapotea. African Storybook wana hadithi za picha za Kiswahili, bure, nashusha kwa bando la usiku tunasoma bila data.

Jibu: Si nje ya mada kabisa. Na leseni yao inaruhusu hata kuchapa ukagawa.

Bibi Karafuu: Kifuniko cha Kindle mnanunua wapi? Nimetajiwa bei ya kitabu kingine.

Mama Wawili: Bibi, mpelekee fundi cherehani kipande cha kitenge na sponji nyembamba. Mwambie aache nafasi ya kidole gumba juu, wangu alisahau, nakitoa kwa kukipindua kama chupa ya tomato.