Kutu kwenye ukingo wa kioo cha mbele: hatua zote

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara tano, kwa hiyo naliandika lote hapa. Gari langu ni Toyota Mark II GX100 ya 1998 kutoka Japani, na ninakaa Tanga, karibu na bahari. Rangi ilianza kuvimba juu ya kioo, chini ya ule mpira mwembamba.

Uvimbe wa rangi unaouona ni mkia tu, kichwa cha kutu kiko chini ya kioo. Mara nyingi kioo kiliwahi kubadilishwa: kisu cha kukatia gundi kikakwangua rangi hadi kwenye bati, hakuna aliyepaka kitu, kioo kipya kikabandikwa hapo hapo. Usipotoa kioo, hujatibu.

1. Toa waipa, kava lake la plastiki na mpira wa pembeni.

2. Kata gundi kwa waya mwembamba, mtu mmoja ndani, mwingine nje. Kwenye pembe nenda taratibu, ndipo kioo hupasukia.

3. Funika dashibodi, viti na vioo vya milango. Cheche za grainda huacha vidoa visivyotoka kwenye kioo.

4. Brashi ya waya kwenye grainda, kisha msasa namba 80 mpaka bati ling'ae. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Likitoboka, hiyo ni kazi ya kuchomelea bati jipya, si ya puti (ile dawa nzito ya kujazia mabonde).

5. Vishimo vyeusi vilivyobaki vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

6. Praima (rangi ya kwanza ya kukinga bati) ya epoksi siku hiyo hiyo, bati tupu lisilale nje. Puti huja juu ya praima, maana hunyonya maji, na isiwekwe mahali gundi itakapopita. Kisha rangi.

7. Gundi. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilibandika kioo kwa silikoni ya ujenzi, ile inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, na inakula bati lile lile ulilolihangaikia. Masika ilipofika, zulia la upande wa abiria lililowa na kutu ikarudi. Kuikwangua silikoni hiyo kulinichukua siku mbili, kwa sababu gundi sahihi haishiki palipobaki silikoni hata kidogo. Nunua gundi ya yurethani ya vioo vya magari pamoja na praima yake nyeusi. Gundi ya zamani iliyoshika vizuri iache unene wa milimita 1 au 2, mpya itaishika. USIIGUSE KWA VIDOLE. Rangi nayo iwe imekauka kabisa: ikiwa mbichi, gundi itashika rangi, lakini rangi haitashika bati. Katika magari mengi eabegi (mfuko wa hewa) ya abiria huegemea kioo hiki inapofunguka, kwa hiyo usibahatishe.

8. Gari litulie siku nzima, dirisha moja wazi kidogo. Mlango ukibamizwa, hewa husukuma kioo.

MASWALI

— Mkuu, lazima kutoa kioo? Nataka kupaka dawa kwa juu tu.

Soma aya ya pili.

— Fundi wangu anatumia silikoni miaka yote na haina shida.

Nimeeleza nilichokiona kwenye bati langu. Gari ni lako.

— Samahani kaka, Land Rover 110 ya baba kioo chake kimekaa kwenye mpira. Nayo inatumia gundi?

Hapana dada, na umefanya vizuri kuuliza. Kutu itibu vile vile, kwani bodi yake kubwa ni aluminiamu lakini fremu ya kioo ni chuma. Wakati wa kurudisha, vika kioo mpira kwanza. Zungusha kamba kwenye mfereji wa mpira, ncha zikutane chini katikati, kisha paka maji ya sabuni. Mwenzako asukume kutoka nje, wewe vuta kamba ukiwa ndani, polepole. Mdomo wa mpira utapanda wenyewe juu ya ukingo. Mpira uliokauka na kupasuka usiurudishe.

— Kwangu maji husimama chini ya waipa. Yanahusiana?

Sana. Ukitoa kava utakuta majani yameziba matundu ya kutolea maji. Yazibue, mimina kikombe cha maji, uangalie yanatokea wapi. Kwangu yalitokea nyuma ya tairi la mbele. Anayeegesha chini ya mwembe afanye hivyo kila kabla ya mvua.