Kutambua jengo lililotoweka kwenye picha ya zamani ya mji

Kosa la kwanza la wengi ni kulikodolea macho jengo lenyewe. Jengo limeshabomolewa, hakuna pa kwenda kulilinganisha. Kinacholitambulisha ni majirani zake waliobaki: pembe ya barabara, mteremko, mnara wa mbali, daraja la reli. Kwa hiyo tafuta kwanza mahali aliposimama mpiga picha. Ukishapapata, ramani ya wakati ule ndiyo itakayokutajia jengo.

Anza na nakala bora. Picha ya karatasi yenye ukubwa wa postikadi iskani kwa nukta 600 kwa inchi, iliyo ndogo zaidi kwa 1200, na negativu ya milimita 35 kwa 2400 au zaidi. Hifadhi kwa faili la aina ya TIFF, maana JPEG hupoteza vitu vidogo kila unapoihariri na kuihifadhi upya. Usikate kingo, na skani upande wa nyuma pia: mhuri wa studio, namba ya penseli na mhuri wa posta viko huko. Kabla hujapoteza siku nzima ukikuza, itazame picha kwa kioo kinachokuza mara 10. Ukiona vidoti vilivyopangika, hiyo ni chapa ya mtambo, na ukiikuza utakuza vidoti tu. Itafute picha ya asili iliyotumika kuichapa.

Kisha hakikisha haijageuzwa kushoto kuwa kulia. Negativu za kioo na slaidi huwekwa kinyume mara nyingi, na picha za bamba la fedha zilizotangazwa Paris mwaka 1839 kwa asili yake huonyesha mambo kama yaonekanavyo kwenye kioo cha kujitazama. Angalia mabango, tarakimu za saa ya mnara, na vifungo vya makoti ya wanaume: upande wa kushoto wa mvaaji hulalia upande wake wa kulia. Upande wanaoendesha magari ni ushahidi dhaifu, kwa sababu nchi hubadilika. Sweden, kwa mfano, iliendesha kushoto hadi Septemba 1967.

Mabango yasome kwa mpangilio wa uzito. Tangazo la sigara au sabuni halikupi mahali, kwani lilibandikwa kila mtaa. Jina la mwenye duka pamoja na namba ya mlango ni dhahabu. Hata herufi nne au tano zilizobaki zinatosha ukizipitisha kwenye kitabu cha anwani za mji cha miaka ile, hasa kile kilichopangwa kwa barabara, kinachoorodhesha wapangaji mlango kwa mlango. Usitafute jina moja peke yake. Tafuta majina mawili yanayofuatana kama yanavyofuatana pichani, maana mfanyabiashara mmoja huweza kuwa na maduka matatu, lakini jirani yule yule hatakuwa naye kote.

Mahali pa kamera

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ndipo wengi hukimbilia kubahatisha. Tafuta vitu viwili vinavyogusana machoni ingawa viko mbalimbali: pembe ya jengo la karibu, kwa mfano, imegusa ukingo wa kushoto wa mnara ulio nyuma sana. Kwenye ramani, chora mstari upitie pembe ile na ukingo ule, kisha uurefushe kuja upande wa kamera. Mpiga picha alisimama mahali fulani juu ya mstari huo. Tafuta jozi ya pili, uchore tena; mistari inapokatana ndipo aliposimama. Ya tatu ni ya kuhakiki. Mistari mitatu ikifanya pembetatu ndogo, upo mahali pake. Ikitawanyika, kitu kimoja umekitambua vibaya, au picha imeunganishwa kutokana na mbili.

Jozi nzuri ni ile yenye kimoja karibu na kingine mbali, kwa kuwa hatua chache tu za kamera zingeivunja. Chukua jozi moja upande wa kushoto wa picha na nyingine upande wa kulia ili mistari isikatane kwa pembe nyembamba mno. Usiogope lenzi: lenzi ndefu huvifanya vitu vionekane vimesogeleana, lakini haibadilishi kinachofunika kingine. Hilo hubadilishwa na mahali pa kamera tu. Ndiyo maana usipime umbali kwa macho, pima kwa mistari.

Urefu wa kamera nao unapatikana. Kwenye barabara tambarare, nyoosha kingo zake mbili hadi zikutane. Kimo cha pale zinapokutana ndicho kimo cha kamera. Kikipita kwenye vichwa vya wapita njia, mpiga picha alisimama chini. Kikikata madirisha ya ghorofa ya pili ya majengo ya jirani, alikuwa dirishani au darini, na hapo umepata jengo jingine la kulitafuta, lile alilokuwemo. Barabara ya mteremko hudanganya kipimo hiki.

Vivuli visaidie kwa tahadhari. Kaskazini mwa Tropiki ya Kansa jua la adhuhuri huwa kusini siku zote, na kusini mwa Tropiki ya Kaprikoni huwa kaskazini. Kati ya hizo mbili hubadilika kwa msimu, kwa hiyo kivuli kifupi cha mchana hakikupi dira.

Mwaka wa picha

Picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko kitu kipya kabisa kilichomo, wala ya karibuni kuliko kubomolewa kwa kitu cha kwanza kutoweka kati ya vilivyomo. Bana kati ya hizo mbili. Jumba la Crystal Palace linafundisha vizuri: lilisimama Hyde Park, London, mwaka 1851, likavunjwa na kujengwa upya kwa ukubwa zaidi Sydenham, likafunguliwa 1854 na kuungua 1936. La Hyde Park lilikatizwa na ubavu mmoja tu (sehemu ndefu inayolikata jengo kwa upana), la Sydenham na mitatu, na ule wa kaskazini uliungua 1866. Picha yenye mitatu yote basi ni ya kati ya 1854 na 1866, na si ya Hyde Park kabisa, hata maelezo ya chini yakisemaje.

Mhuri wa posta huonyesha siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa. Kadi ziliuzwa miaka mingi. Mgongo uliogawanywa sehemu mbili, ya ujumbe na ya anwani, uliruhusiwa Uingereza 1902 na Marekani 1907, nao husema kadi ilichapwa lini tu. Pia wachapaji walifuta nyaya za tramu, wakaongeza mawingu na kubuni rangi. Nyaya zikionekana ni ushahidi. Zikikosekana si ushahidi.

Ramani na mtego wa namba

Ramani za bima ya moto ndizo bora. Zile za kampuni ya Sanborn za Marekani, kwa kawaida futi 50 kwa inchi, hupaka matofali rangi ya waridi, mbao manjano, mawe buluu na chuma kijivu, na huandika idadi ya ghorofa. Lakini marekebisho yalibandikwa juu ya karatasi ya zamani, kwa hiyo mwaka wa jalada huenda usiwe mwaka wa yaliyomo. Namba za nyumba nazo hubadilishwa: Chicago ilizipanga upya mwaka 1909, na anwani ya 1905 ukiitafuta leo itakupeleka mbali kabisa. Tafuta kwanza jedwali la namba za zamani na mpya, na orodha ya barabara zilizobadilishwa majina.

Ukishapata jina, jaribu kulivunja. Stesheni, benki na ofisi za posta mara nyingi zilijengwa mapacha kwa mchoro mmoja. Hesabu safu wima za madirisha, tazama nafasi ya mlango, dohani, na tofauti ya usawa wa ardhi pembeni. Ghorofa huongezwa na nakshi huondolewa, lakini mpangilio wa matundu ya ukuta hubadilika kwa nadra. Usikubali jina kabla ya kuwa na ushahidi wa aina mbili zisizotegemeana, mfano mistari ya ramani na bango. Maelezo mawili ya chini yanayofanana huweza kuwa kosa moja lililonakiliwa.

Ukimwendea mzee wa mtaa, mpe picha bila maelezo, umuulize, “Hapa ni wapi?” Ukimtajia jina, atalikubali kwa heshima. Akilitaja mwenyewe, muulize kilichokuwa upande wa pili wa barabara, nje ya picha, kisha ukakitafute kwenye ramani.